Kayaba ya Baba Ciru

Asubuhi ile Neema alimpiga Jepkemboi teke, ndoo ikapinduka, maziwa yote yakanywewa na samadi ya zizini. Jepkemboi hakukasirika mara moja. Alishangaa. Neema alikuwa ng'ombe mpole, ambaye hata mgeni angeweza kumkamua huku akiongea na simu. Jepkemboi akampapasa mgongo, akamsemesha, kisha akainama kutazama kiwele. Chuchu moja ya nyuma ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na ukiigusa ilikuwa na moto. Juu yake kidogo kulikuwa na kitu cheusi kimejichomeka ndani ya nyama. Alikishika kwa kucha, akakivuta. Kilitoka polepole, kirefu kama kidole, kikifuatwa na usaha.

Ulikuwa mwiba wa kayaba.

"Bethwel!" aliita. "Njoo uone kazi ya Baba Ciru!"

Mumewe alitoka nyumbani na mswaki mdomoni. Bethwel Kipkoech alikuwa mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa, na ugomvi wowote ulipoanza yeye alikuwa wa kwanza kutafuta kofia yake aondoke. Aliutazama ule mwiba, akatazama kiwele, akatema povu pembeni.

"Labda alijikuna mahali," alisema.

"Mahali wapi? Hapa kwetu kuna kayaba nyingine mbali na ya Gichuki?"

Hapakuwa na haja ya kuitafuta: kayaba ya jirani yao Gichuki, huyo Baba Ciru, ilikuwa imesimama pale nyuma ya zizi, ua mrefu kuliko paa la jikoni, umewainamia.

Ule ua ulipandwa na babake Gichuki zamani, watu walipogawiwa mashamba pale nje ya mji wa Kitale. Kwa miaka mingi haukuwa na neno. Gichuki alikuwa akiukata kila mvua zikikaribia, ukawa unamfikia mtu kifuani, na watu wa pande zote mbili wakisalimiana juu yake. Mkewe Mukami alikuwa akipitisha bakuli la githeri pale juu, na Jepkemboi akilirudisha na maziwa ya mgando ya mursik ndani. Binti zao, Ciru na Jepkorir, walikuwa wametoboa tundu kule chini la kupitia, wakirudi jioni wamechanwachanwa mikono na hawajali.

Kisha biashara ya Gichuki ikanawiri. Alijenga nyumba za kupangisha wanafunzi kule Kibabii, karibu na chuo kikuu, akahamisha familia yake Bungoma. Shamba la Kitale akamwachia kijana wa mkono aitwaye Mbugua, ambaye kazi yake ilikuwa kupanda mahindi, kupalilia na kuvuna. Ua haukuwa katika kazi yake. Ukaanza kukua.

Mwaka wa kwanza Jepkemboi aliupunguza mwenyewe upande wake, kwa panga, bila kulalamika. Si jirani? Mwaka uliofuata Bethwel alipanda ngazi akakata alikoweza kufikia, akateguka mgongo. Baada ya hapo hapakuwa tena na panga la kuuweza. Matawi yalijilaza upande wao kama mlevi anavyoegemea kaunta. Jua la asubuhi lilikuwa linatokea upande wa Gichuki, kwa hiyo sukuma wiki ya Jepkemboi ikawa inakaa gizani hadi saa nne, nyembamba, yenye rangi ya maji ya mchele. Kamba ya nguo ilibidi ihamishwe baada ya shati la Bethwel la kwenda kanisani kuchanwa mgongoni. Na ile njia ya kutoka jikoni kwenda zizini, ambayo zamani toroli lilipita bila shida, sasa ilikuwa ya kupita kiubavuubavu, na ng'ombe hawajui kupita kiubavu.

Kila Jepkemboi alipompigia simu, Gichuki alikuwa na sauti tamu.

"Mama Jepkorir! Habari ya Kitale? Baba Jepkorir mzima?"

"Mzima. Baba Ciru, ni ule ua."

"Aai, ua! Pole sana. Nitatuma mtu Jumamosi."

Huyo mtu wa Jumamosi alikuwa kama mvua ya Januari. Unaisikia ikitajwa, huioni.

Daktari wa mifugo alikuja siku ileile ya mwiba, akamdunga Neema sindano, akaacha dawa. Alirudi tena baada ya siku chache, akakamua chuchu ile mara kadhaa, akatoa maji yenye mabonge, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa, mama. Zingine ziko sawa. Lakini hii usiitegemee tena."

Jepkemboi alisimama akimtazama Neema. Alikuwa amemnunua akiwa ndama, akamlea kwa chupa, na alikuwa akijivunia kile kiwele kama mtu anavyojivunia mtoto aliyepita mtihani. Hakulia. Alikwenda jikoni, akachukua panga, akajifunga leso kiunoni, akaenda kwenye ua akaanza kukata.

Alikata kwa hasira, na hasira haiangalii pa kushika. Mikono ilimtoka damu hadi kwenye viwiko. Hata hivyo alikuwa amefungua kijia cha kupita ng'ombe mmoja Mbugua alipotokea upande wa pili, akichungulia katikati ya matawi.

"Mama, mwenyewe amesema isiguswe."

"Amesema lini?"

"Sasa hivi. Nimempigia nikamwambia unakata."

Jepkemboi aliteremsha panga. "Mbugua, ng'ombe wangu alipochomwa, ulimpigia?"

Simu ya Jepkemboi ikaanza kulia mfukoni.

"Mama Jepkorir, habari ya huko," alisema Gichuki, na safari hii sauti haikuwa na sukari. "Nasikia unakata ua yangu."

"Leo umesikia?"

"Hapana, si hivyo. Lakini mama, ua inakatwa na mtu anajua. Ukikatakata ovyo inakauka. Na hiyo ni mali ya mtu, si ndio? Tusifikishane mbali."

"Kufikishana mbali! Baba Ciru, nimekuambia mara ngapi? Ng'ombe wangu amechomwa kiwele. Chuchu imekufa. Imekufa, unasikia?"

Gichuki alisikika akimwambia mtu pembeni amngoje.

"Pole," alisema Gichuki. "Hiyo ni bahati mbaya. Nitatuma mtu. Sasa niko na watu hapa, tutaongea."

Akakata.

Jepkemboi alirudisha simu mfukoni. Miaka yote hiyo mtu huyo hakupata hata dakika moja ya kupiga simu. Leo panga lilipogusa tawi lake, alipiga kabla utomvu haujakauka.

Kesho yake alikwenda kwa naibu wa chifu. Alimkuta nje ya ofisi akiota jua, akamweleza yote, akamwonyesha mikono. Naibu alisikiliza vizuri, akaguna panapostahili kuguna.

"Shida ni kwamba shina ni lake," alisema mwishowe. "Sasa wewe ukikata, halafu yeye aje alalamike hapa ati umeharibu mali, utaniweka pabaya. Hiyo nitalazimika kufuatilia."

"Na matawi yakivuka yakamchoma ng'ombe wangu?"

"Hayo muongee. Si ninyi ni majirani?"

"Kwa hivyo mwiba ukivuka ni udugu, panga likivuka ni makosa?"

Naibu alicheka kana kwamba ameambiwa kichekesho kizuri. "Mama, wewe una maneno! Ongeeni, bana. Gichuki ni mtu mzuri."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Mtu mzuri! Alikuwa mzuri kwa nani? Kanisani bado jina lake lilitajwa kwenye harambee. Watu wa soko walimsifu. Hata Bethwel, ambaye mgongo wake ulikuwa bado unauma, alisema Gichuki hana ubaya ila ana shughuli nyingi. Ilionekana ni Jepkemboi peke yake katika wilaya nzima ambaye hakuwa amepata fungu lake la huo uzuri.

Jumamosi alivaa gauni lake la kitenge na viatu vya kufunga.

"Unaenda wapi?" Bethwel aliuliza.

"Bungoma."

"Kumwambia nini ambacho hujamwambia kwa simu?"

"Kwa simu anakata. Simu ndiyo kitu pekee Gichuki anajua kukata."

Bethwel alitafuta kofia yake.

Alipita Kimilili na Chwele, akashuka Kibabii kabla ya saa sita. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, akiyapangua, akiyapanga upya. Mwenye bodaboda aliyemchukua stendi alipafahamu.

"Kwa Gichuki wa hosteli? Reo huko kuna wageni wengi, mama. Kalibu twende."

Nyumba ilikuwa imerudi nyuma kidogo ya barabara, ya mabati mekundu, na mbele yake kulikuwa na ua. Jepkemboi alishuka, akasimama. Bodaboda ilishaondoka na yeye bado amesimama.

Ulikuwa wa kayaba.

Lakini kayaba gani! Ulikuwa umekatwa ukakatika, juu bapa kama meza, kona zimenyooka kama nywele za mtu aliyetoka kinyozi kwenda harusini. Hakuna tawi lililothubutu kutoa kichwa upande wa barabara. Upande wa jirani, ambapo palikuwa na bustani ya nyanya, ulikuwa umenyolewa hata zaidi, na vipande vyote vilikuwa vimefagiwa. Jepkemboi alinyosha kiganja akakipitisha juu yake. Kilipita bila kuchomwa.

Kumbe anajua. Siku zote alikuwa amemwazia Gichuki kuwa mtu aliyesahau, aliyelemewa, asiyejua kayaba ikiachwa hufanya nini. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa na makasi, alikuwa na watu, alikuwa na wakati, na jirani wa hapa alikuwa anamwona kila asubuhi. Wa Kitale hakumwona, basi.

Aliingia kwa hasira hiyo, na ndani ya lango akakuta hema.

Watu walikuwa wamekaa pande mbili wakitazamana. Upande mmoja aliwatambua baadhi ya jamaa za Gichuki kutoka Kitale. Upande wa pili walikuwa wageni. Sufuria zilikuwa zikifuka nyuma ya nyumba. Ilikuwa posa. Ciru alikuwa anaposwa, na Jepkemboi, aliyekuwa akimtoa miiba mikononi akiwa mtoto, hakuwa ameambiwa.

"Mama Jepkorir!"

Alikuwa Mukami, anakuja mbio huku anafuta mikono kwenye aproni, uso umejaa furaha. "Ngai! Umekuja! Baba Ciru si alisema ati mumeshindwa kwa sababu Baba Jepkorir ni mgonjwa?"

"Alisema hivyo?"

"Si aliwapigia kuwaalika?"

Jepkemboi alimtazama yule mama, jasho la jikoni usoni, akaona kwamba hajui lolote. "Baba Jepkorir ni mzima," alisema polepole. "Mimi nimekuja tu."

Kabla hajasema zaidi alikuwa ameshikwa mkono, ameketishwa kwenye kiti cha mbele upande wa nyumba ya binti, ametiwa kikombe cha chai mkononi. Kule mbele Gichuki alikuwa amesimama akisalimia wageni, amevaa koti la kijivu. Alipomwona Jepkemboi, kinywa chake kilibaki wazi kwa muda kidogo. Kisha akatabasamu, akanyosha mkono.

"Na huyu," aliwaambia wageni, "ni jirani yetu wa Kitale. Mama wa kutegemewa sana. Yeye ndiye anatuchungia shamba huko."

Wageni wakapiga makofi.

Anatuchungia shamba! Yeye, Jepkemboi, aliyekatazwa kugusa tawi, leo amekuwa mchunga shamba wa Gichuki mbele ya watu, tena wa bure.

Wageni walikuwa wametoka Sirisia. Kijana mwenyewe aliitwa Kizito, mrefu, mwenye haya, amekaa mikono katikati ya magoti. Aliyewasemea hakuwa mzee yeyote bali shangazi yake, mama mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Wakhungu, ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Baada ya maneno mengi ya kuulizana hali na kusifiana, yule shangazi aligeuka, akamwelekea Jepkemboi.

"Sasa sisi kwetu," alisema, "hatuulizi mtu habari zake mwenyewe. Mtu atajisema vibaya? Tunauliza jilani. Mungu ametuletea jilani. Mama, simama utuambie. Hawa ni watu wa namna gani?"

Watu walicheka, wakapiga makofi tena. Gichuki alicheka pia, lakini macho yake hayakucheka.

Jepkemboi alisimama. Yale maneno yote aliyopanga njiani yalimjia kwa mpigo mmoja, yamepangana foleni nyuma ya meno. Chuchu. Shati. Mgongo wa Bethwel. Ua ulionyolewa pale nje. Angeyasema yote, na hapangekuwa na mtu wa kumkatia simu. Alimwona Gichuki akivutavuta koti lake. Aliona vizuri kwamba anaogopa, na kuona hivyo kulikuwa kutamu, tamu kama asali, hakuna haja ya kudanganya.

Halafu akamwona Ciru mlangoni, kati ya wenzake, kitambaa cheupe kichwani. Ciru alikuwa anamtabasamulia kwa meno yote, kama mtoto aliyeona mtu wa kwao.

"Mmeniuliza ukweli, nitawaambia ukweli," alianza. "Huyo binti amekulia kwangu na kwao. Alikula ugali wangu, nami nilimkemea kama wangu. Siku niliyolazwa hospitali, alikuwa bado msichana wa shule, na ndiye aliyekuwa akija asubuhi kukamua ng'ombe wangu kabla hajavaa sare. Hakutumwa na mtu. Mkimchukua huyo, mmepata mtu. Mama yake naye, bakuli lake halijawahi kuja kwangu tupu. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Vigelegele vilipigwa upande wa Sirisia. Jepkemboi alikuwa anaanza kuketi.

"Na baba?" aliuliza Mama Wakhungu. "Baba hatujamsikia."

Hema likanyamaza kwa kutaka kucheka. Jepkemboi alijinyosha tena.

"Baba yuko hapa, ana mdomo wake," alisema. "Mwulizeni yeye jirani yake wa Kitale anaendeleaje. Mtasikia kama anajua."

Kicheko kikavuma. Mama Wakhungu alifurahi sana. "Ehe, mzee! Jilani anaendeleaje?"

Gichuki alijikohoza. "Anaendelea vizuri," alisema. "Vizuri kabisa. Mama huyu ana ng'ombe wa maziwa, hakuna kama yeye kule kwetu."

"Nilikuwa naye," alisema Jepkemboi, akaketi.

Wengi walidhani ni utani mwingine, wakacheka tena. Mukami hakucheka. Aliweka sinia chini, akamtazama mumewe kwa muda, kisha akamtazama Jepkemboi.

Wageni walipoanza kula, Mukami alimvuta mkono hadi nyuma ya tangi la maji.

"Niambie. Ng'ombe amefanyaje?"

Jepkemboi akamweleza. Alisema yote, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wageni, na kusema kwa sauti ya chini jambo la kupigiwa kelele kulimchosha kuliko kulima. Mukami alisikiliza mkono mdomoni.

"Aliniambia alituma mtu," alisema. "Kila mwaka ananiambia ametuma mtu. Na leo ati Baba Jepkorir mgonjwa. Aliogopa mngekuja mkasema hapa."

"Sikusema."

"Nimesikia usivyosema." Mukami alifungua aproni yake, akaifunga tena kwa nguvu. "Mama Jepkorir, asante kwa ajili ya Ciru. Lakini kwa huyo mzee usimwachie hata kidogo. Mimi nitasimama kando yako."

Gichuki alimpata langoni akiondoka. Alikuwa amebeba mfuko wa nyama ya kuchoma uliofungwa vizuri.

"Ya kumpelekea Baba Jepkorir," alisema. "Umefanya vizuri leo. Mambo mengine yangeharibika."

Jepkemboi hakuupokea. "Huu ua umekatwa na nani?"

Gichuki aliutazama ua kama mtu anayeuona mara ya kwanza. "Huu? Ni kijana fulani wa hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini unakatwa? Kwa nini usiachwe umwingilie huyu mwenye nyanya hapa, umchome, umfunikie jua, halafu umwambie pole?"

"Mama, taratibu. Hapa ni karibu na barabara, watu wanapita..."

"Na kwetu hawapiti watu? Sisi si watu?" Sasa sauti ilikuwa imepanda na hakuishusha. "Baba Ciru, nilidhani hujui. Nimekaa miaka yote nikikutetea, nikisema labda hujui. Kumbe unajua kukata hadi ukanyooka! Unajua mahali ua wako unaishia. Ni kwangu tu unapokosa kujua."

Mwenye nyanya alikuwa amesimama kati ya nyanya zake, jembe mkononi, hapalilii tena.

"Sawa," alisema Gichuki upesi. "Sawa. Wiki hii nitatuma mtu."

"Hapana. Usitume mtu. Mtu simjui, sijawahi kumwona. Njoo wewe."

"Mimi? Na kazi hizi zote?"

"Atakuja," alisema Mukami. Alikuwa amewafuata, na alikuwa amesimama nyuma ya mumewe amekunja mikono. "Alhamisi. Nitakuja naye."

Alhamisi walikuja kweli, na pikapu, misumeno, mapanga, ngazi na Mbugua. Gichuki alikuwa amevaa ovaroli mpya ambayo ilimbana tumboni. Hakumtazama Jepkemboi machoni alipomsalimia. Kazi ilianza asubuhi umande haujakauka, na ilikuwa kazi hasa, kwa maana kayaba ikizeeka shina lake huwa gumu kama chuma. Kabla ya saa nne jua liliingia jikoni kwa Jepkemboi na kugusa ukuta ambao lilikuwa halijaugusa kwa muda mrefu. Masizi yake yote yakaonekana.

Alitoka akaona ardhi yake. Pale ua ulipokuwa umeinama palikuwa na ukanda mrefu usio na jani, udongo mweupe, umejaa mizizi kama mishipa ya mkono wa mzee. Hapo ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote kwa mboga. Ingechukua samadi nyingi na misimu mingi kuparudisha.

Jioni ua ulikuwa umefika kifuani. Gichuki aliweka msumeno chini, akajifuta jasho, akautazama kwa kuridhika.

"Haya, Mama Jepkorir," alisema. "Sasa umefurahi?"

Alisema hivyo kwa ukarimu, kama mtu aliyemletea zawadi. Jepkemboi alikuwa akitazama kitu kingine. Matawi yote yaliyokatwa, na miiba yake yote, yalikuwa yamerundikwa upande wake, lundo refu kama nyumba ndogo, katikati ya jikoni na zizi.

"Na haya?"

"Hayo? Si yatakauka tu hapo. Kayaba inawaka vizuri sana, mtapata kuni."

"Ng'ombe wangu watapita wapi yakikauka?"

"Mama, si mtazunguka tu kwa muda..."

"Baba Ciru." Alijishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Chukua matawi yako."

Bethwel, aliyekuwa akishikilia ngazi tangu asubuhi, alisogea. "Mama Jepkorir, mtu ametoka Bungoma. Ameshinda hapa. Si imetosha?"

"Haijatosha."

Kisha Mukami aliinama, akafunga mikono yake kwa gunia, akashika tawi moja kubwa akaanza kuliburuta kuelekea langoni, azungukie upande wao. Alipita mbele kabisa ya mumewe. Mbugua akashika la pili. Gichuki aliwatazama wote wawili wakienda, uso umemwiva, halafu naye akainama.

Waliburuta hadi jua likawa karibu kuzama nyuma ya Elgon. Mara moja Gichuki alipiga ukelele, akaruka, akashika kiganja. Mwiba ulikuwa umeingia chini ya kidole gumba na kukatikia ndani. Alikuwa anautazama kana kwamba haamini kitu kama hicho kinaweza kumpata.

"Pole," Jepkemboi alimwambia, kwa sauti ileile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa pole kwa simu. Kisha akaingia ndani akamletea sindano na maji ya moto, kwa sababu mwiba wa kayaba ukiachwa hutunga usaha, na hakutaka mkono wa mtu uoze bure.

Chai ilipikwa na Bethwel. Waliinywa wamesimama. Mukami alisema kabla ya mvua kubwa watakuja tena, maana kayaba huikati mara moja ukaisahau, na Gichuki akaitikia kwa kichwa, mkono umefungwa kitambaa. Kuhusu Neema, Gichuki alisema angependa kumtazama. Akapelekwa zizini, akainama, akaona, akatoka, na safari hii hakusema bahati mbaya.

Pikapu ilipowashwa, Bethwel alitembea nao hadi langoni. Jepkemboi alimsikia akisema, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Asante sana, Baba Ciru. Asante sana kwa kazi. Mungu awabariki."

Alimngoja hadi arudi.

"Umemwambia asante?"

"Si ni heshima tu."

"Bethwel, mtu akikukanyaga mguu miaka yote hiyo, siku akiuondoa unamwambia asante?"

Bethwel alifikiri. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mimi ningesema," alikiri.

"Ndiyo maana wanakukanyaga," alisema Jepkemboi, akachukua jembe akaenda kung'oa mizizi kabla giza halijaingia.